Umepiga mwarobaini na kabichi bado inatobolewa? Tafuta dalili yako hapa

Kila kiangazi kikianza malalamiko ni yaleyale, mtu kaponda mwarobaini kaloweka kapiga shamba zima, asubuhi anaenda kuangalia anakuta kiwavi yuko palepale chini ya jani anadunda, basi anatangaza dawa za mimea ni uongo wa watu wa semina alafu anarudi duka la pembejeo kuchukua ile ya chupa anayoipiga kila baada ya siku tatu. Mi dawa za mimea nazitetea ila sio kwa upofu, kuna mahali zinashindwa kweli na nitasema ni wapi. Lakini mara nyingi mti hauna kosa, kosa liko kwenye ndoo, kwenye bomba, au kwenye saa uliyopigia. Tafuta dalili inayofanana na ya kwako, sio lazima usome yote.

Kabla ya yote: unapigana na mdudu gani?

Hapa usiruke. Chuchumaa ugeuze majani, yale ya chini na yale machanga ya katikati, fanya hivyo kwenye kabichi kama ishirini ukikata shamba kwa zigizaga, sio zile za pembeni mwa njia tu. Mdudu msumbufu kuliko wote ni kiwavi kidogo cha kijani, urefu wake haupiti sana sentimita moja, kachongoka mbele na nyuma. Mguse na kijiti. Akijinyonganyonga kwa fujo akirudi kinyumenyume alafu akajiachia na kubaki ananing'inia kwenye uzi mwembamba, huyo ni mtoto wa nondo mgongo-almasi, mabwana shamba wamezoea kumwita DBM. Jani alilokula linakuwa na vidirisha, yaani anakula nyama ya chini anaacha ngozi ya juu nyembamba inayopitisha mwanga, baadaye ile ngozi inakauka inapasuka ndo we unaona matundu. Ukiangalia vizuri kando ya mishipa ya jani utakuta na vifuko vya hariri vyenye pupa ndani, na ukitikisa kabichi jioni vinaruka vinondo vya kijivu vidogo sana.

Kama sio huyo, matibabu yanabadilika:

- Mche umekatwa shingo umelala chini na majani hayajaguswa: ni sota. Fukua udongo pale pembeni ya shina utamkuta kajikunja. Kupiga dawa ya majani kwa ajili ya sota ni kumwaga hela, mtoe kwa mkono asubuhi mapema, na msimu ujao lima mapema shamba likae wazi bila magugu kabla ya kuhamishia miche.
- Moyo wa mche umetafunwa, katikati kuna utando umeshikana na kinyesi, na kabichi ikikua inatoa vichwa vitatu vinne vidogo badala ya kimoja: ni kiwavi mtoboa moyo, anapenda sana sehemu za joto. Huyu anazuiwa kitaluni na wiki za kwanza baada ya kuhamisha, akishajifungia ndani dawa ya aina yoyote inapita juu yake.
- Kiwavi mkubwa wa kijani anayetembea kwa kupinda mgongo, matundu mapana: mwarobaini unamfaa, ila mpige akiwa mdogo.
- Vidude vyeusi vyeusi vinavyojikunja na kudondoka ukigusa jani: sio kiwavi wa nondo, ni mtoto wa nyigu. Muhimu ujue kwa sababu dawa za BT, zile za bakteria wa kuua viwavi wa nondo, hazimfanyi kitu huyu, utapiga mpaka uchoke.
- Majani yamejikunja, yananata, yana kama vumbi la kijivu: hao ni wadudu mafuta. Umekuja kwenye mada isiyo yako ila maji ya sabuni yatakusaidia.

Kuanzia hapa naongelea zaidi DBM maana ndiye anayefilisi watu.

Dalili: nimepiga mwarobaini jana, leo viwavi wazima kabisa

Hii sio dalili ya kushindwa, ndivyo mwarobaini unavyofanya kazi. Watu wamezoeshwa na dawa za kemikali, unapiga unaona mdudu anatetemeka anadondoka, roho inatulia. Kilichomo ndani ya mwarobaini, hasa azadirakitini, hakiui kwa kupigwa kofi namna hiyo, kinamkata hamu ya kula na kinavuruga homoni zake ili akifika wakati wa kujivua ngozi ashindwe kujivua. Kwa hiyo kiwavi anaweza kuwa hai siku mbili, tatu, hata zaidi, lakini yuko pale tu hana madhara, hali chochote. Na nondo jike akikuta harufu yake juu ya jani mara nyingine anasita kutaga.

Sasa kama hutaki kudanganywa na macho usihesabu maiti. Angalia kinyesi. Kiwavi anayekula anaacha vipunje vya kijani kibichi vyenye unyevu karibu na alipo. Chagua kabichi chache, weka alama ya kijiti, pangusa vinyesi vyote kwa kidole na kumbuka matundu yalipo, rudi siku ya tatu. Hakuna kinyesi kipya, hakuna kidirisha kipya, na viwavi vimebaki vidogo vimepauka vimelegea, basi dawa imeshika hata kama viwavi bado vinajongea. Kinyesi kibichi kimejaa, endelea kusoma chini.

Ukitaka ile ya kudondosha papo hapo hiyo kazi ni ya pareto, dawa ya maua makavu yaliyosagwa, nayo ina matatizo yake nitayasema.

Dalili: nimesubiri wiki nzima na wanakula tu

Hapa ndo penye mambo mengi na nitakaa kidogo.

Sababu ya kwanza, ulitumia majani. Majani ya mwarobaini ni dhaifu sana ukilinganisha na mbegu, nguvu kubwa iko kwenye kiini cha mbegu. Mtu anachuma konzi mbili tatu za majani anatupa kwenye ndoo ya lita 20 anategemea miujiza. Kipimo kinachotumika sehemu nyingi ni gramu 50 za viini vilivyosagwa kwa lita moja ya maji. Fanya hesabu: bomba la lita 16 linataka gramu 800, na ekari moja ya kabichi zilizokwisha kutanda inaweza kunywa lita 200, yaani kilo 10 za viini kwa mpigo mmoja. Ndo maana nawaambia watu wenye ekari nzima wasianze kutafuta mbegu siku wanapoona kiwavi, hiyo ni kazi ya kukusanya mapema, na kama huna uwezo wa kupata mbegu za kutosha nunua mafuta ya mwarobaini yaliyosajiliwa, Tanzania angalia lebo ina namba ya usajili wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, Kenya ni PCPB, bodi yao ya viuatilifu. Bustani ya nyumbani na kitalu, hapo mbegu zako zinatosha bila shida.

Ya pili, mbegu zimeharibika. Matunda yakishakuwa ya njano yakadondoka yanatakiwa yatolewe nyama, mbegu zioshwe, zianikwe kivulini, alafu ziwekwe kwenye gunia au kapu linalopitisha hewa. Ukiziweka kwenye mfuko wa nailoni zinavunda, zinaota ukungu, na zenye ukungu sio tu hazina nguvu bali zinaweza kuwa na sumukuvu kwa hiyo usizishikeshike hovyo. Vunja mbegu kadhaa kabla ya kusaga. Kiini kizuri ndani kina ukijani uliofifia na ukikibana na kucha kinatoa mafuta machungu kweli, kikiwa cheusi kimesinyaa au kina vumbi la ukungu tupa. Mbegu za msimu wa juzi nazo usizitegemee, nguvu inashuka kadiri zinavyokaa.

Ya tatu inawapata zaidi watu wa milimani, Lushoto, Mgeta, Njombe huko: mti wako sio mwarobaini. Mwarobaini halisi ni mti wa joto, umejaa Dodoma, Singida, Tabora, pwani yote, ila kwenye baridi kali haustawi. Huko juu kuna melia, ndugu yake wa karibu, watu wanauita mwarobaini nao wanauchuma. Tofauti iko kwenye jani: la mwarobaini lina uti mmoja wa kati na vijani vimejipanga huku na huku basi, la melia ule uti unagawanyika tena matawi na vijani vinajipanga kwenye hayo matawi. Maua ya mwarobaini ni meupe, ya melia yana zambarau. Matunda ya melia ni ya duara na yanabaki yananing'inia mtini hata majani yakipukutika. Na hayo matunda ni sumu kwa watu na mifugo, kwa hiyo hili sio suala la nguvu ya dawa peke yake.

Ya nne, uliipika au uliichachusha. Kuna watu wanachemsha mwarobaini wakidhani wanatoa nguvu zaidi, kumbe moto unaivunja ile azadirakitini. Maji ya kawaida, loweka usiku mmoja, chuja kwa kitambaa cha khanga chakavu, piga jioni inayofuata. Ukiacha ndoo juani siku nne mpaka inatoa mapovu na harufu, hiyo sio dawa tena.

Ya tano naikuta kila kona: majivu. Mtu anachanganya mwarobaini, majivu, sabuni nyingi, pilipili, kitunguu saumu, mkojo wa ng'ombe, kila alichosikia anatia. Majivu yana magadi, na azadirakitini inavunjika haraka kwenye maji yenye magadi, inakaa vizuri kwenye maji yenye uchachu kidogo. Yaani unaiua dawa yako mwenyewe kabla haijamfikia kiwavi. Hata sabuni ya mche ina magadi, kwa hiyo kwenye mwarobaini sabuni inaingia mwisho kabisa, pale unapojaza bomba, sio wakati wa kuloweka. Majivu yanyunyize peke yake siku nyingine kama unayapenda. Na kama maji ya kisima chako ni ya chumvi na magadi tafuta ya mvua au kamulia ndimu kidogo.

Dalili: dawa inateleza, inadondoka chini, majani yanabaki makavu

Kabichi ina nta. Ukimimina maji matupu yanakusanyika matone yanaviringika mpaka chini kama kwenye jani la magimbi, na dawa yako yote inaishia kumwagilia udongo. Jaribu kabla hujajaza bomba: chovya vidole kwenye dawa, rashia jani moja la kabichi lililokomaa. Matone yakibaki ya mviringo yanacheza, bado. Yakitanda na kulilowesha jani, tayari. Kinachotakiwa ni sabuni ya mche iliyokwanguliwa ikayeyushwa pembeni kwenye maji ya uvuguvugu, kijiko kimoja cha chakula cha sabuni iliyokwanguliwa kwa bomba huwa kinatosha, ongeza kidogokidogo mpaka jaribio likubali. Sabuni ya unga ya kufulia achana nayo, nitasema kwanini mbele.

Kwa wanaotumia mafuta ya mwarobaini ya chupa hii ndo dalili namba moja, mafuta na maji havipatani, usipoyakoroga kwanza na sabuni yakawa maziwa utakuta bomba la kwanza lina maji tu na la mwisho lina mafuta matupu yanayounguza majani. Tikisa bomba kila baada ya matuta mawili matatu.

Alafu upande. Kiwavi yuko chini ya jani na we unapiga kutoka juu umesimama wima, mtakutana wapi? Nozo, yaani kile kichwa chenye tundu kinachotoa dawa, igeuzwe iangalie juu, fimbo ya bomba iingie chini ya kabichi ikipandisha dawa, pole pole, kabichi kwa kabichi. Inachosha mgongo na inachukua muda mara mbili, hilo sibishi. Ukimpa kibarua analipwa kwa bomba usishangae akimaliza ekari ndani ya saa moja tu, kapiga juu juu tu. Na nozo yenye tundu lililotanuka au lililoziba nusu inatoa matone makubwa yanayodondoka, unataka ukungu mwembamba. Dawa za kuloweka zinaziba sana, chuja mara mbili.

Dalili: inafanya kazi, alafu baada ya siku nne tano viwavi vinarudi

Vingine havikuwepo nje ulipopiga. Kiwavi wa DBM akitoka kwenye yai anaingia kwanza ndani ya nyama ya jani, anachimba kinjia chake mle, dawa inapita juu yeye yuko chumbani. Anatoka baadaye akiwa mkubwa kidogo. Ongeza mayai ambayo hayajaanguliwa na nondo wanaoingia kutoka shamba la jirani. Kwenye joto mzunguko wote wa yai mpaka nondo unaweza kuisha ndani ya wiki mbili au tatu, kwa hiyo shambani kwako kuna babu, baba na mjukuu kwa wakati mmoja. Mpigo mmoja hautoshi hata siku moja, rudia kila baada ya siku tano mpaka saba na usiache kabla hujaona majani mapya ya katikati yamekuwa safi.

Sababu nyingine ni jua. Mwarobaini na pareto vyote vinaharibiwa na mwanga wa jua, pareto ndo haraka zaidi, ni suala la saa. Ukipiga saa nne asubuhi umeipa dawa yako siku nzima ya kuungua. Piga jioni jua likishalegea, kuanzia saa kumi na moja, iende na usiku ambao ndo viwavi na nondo wanafanya kazi zao. Mvua nayo inaosha, ila usilie sana na mvua, inaosha na viwavi vidogo vilevile, ndo maana DBM anatesa kiangazi kuliko masika. Wenye mipira ya kunyunyizia juu wamwagilie muda wa jioni, inawavuruga nondo wakati wa kujamiiana, ila sio jioni uliyopiga dawa. Na ukiona majani yanaanza kuoza kingo rangi ya njano umbo la V rudisha kumwagilia asubuhi, huo ni ugonjwa wa bakteria na unapenda majani yaliyolala na maji.

Dalili: pareto inawadondosha, asubuhi wameamka

Kwanza ipime. Maua makavu yaliyosagwa, gramu 20 kwa lita 10 za maji, sabuni kidogo, chuja, piga jioni hiyohiyo usilaze. Maua yakaushwe kivulini na unga ukae kwenye chombo kilichofungwa pasipo mwanga. Ukiwa Mufindi, Njombe au Mbeya unapata maua ya uhakika kwa wakulima wenyewe, unga wa sokoni uliokaa kwenye meza juani mi siuamini.

Kama kipimo kiko sawa na bado wanaamka, hapo tatizo ni usugu. Pareto inampiga mdudu kwenye mishipa ya fahamu mahali palepale panapopigwa na zile kemikali za kundi la pairethroidi, kwa hiyo shamba ambalo miaka na miaka linapigwa hizo kemikali limeshabakiza viwavi sugu, na wakiwa sugu kwa hizo wanakuwa sugu na kwa pareto. DBM kwa usugu ana historia ndefu, mwaka 1953 huko Java Indonesia alikuwa miongoni mwa wadudu wa kwanza wa mazao kuripotiwa kuishinda dawa ya kemikali ya DDT, na mwaka 1990 ikaripotiwa kutoka Hawaii kwamba amezoea mpaka BT shambani. Kuongeza dozi ya pareto haisaidii, hamia mwarobaini ambao unapiga sehemu tofauti kabisa, alafu pareto ibaki kwa dharura tu.

Dalili: utupa wa jirani unaua, wangu hauui

Hii watu wanarogana bure. Utupa, ule mmea ambao majani yake yanasagwa kuwa dawa, upo wa aina mbili kwa ndani japo kwa macho unafanana, watafiti waliopima utupa wa wakulima wa Malawi waligundua kuna miti yenye zile sumu zinazoua wadudu na kuna mingine haina kabisa, shamba la jirani na jirani. Kama mbegu yako ilitoka kwenye mti usio na kitu hata ukiponda gunia zima ni kazi bure. Mti usipofanya kazi usibishane nao, omba mbegu kwa huyo ambaye wa kwake unaua.

Jaribu hivi kabla ya kupanda mstari mzima: chukua jani la kabichi lichovye kwenye dawa ya mti mmoja, likauke, litie kwenye chupa pana pamoja na viwavi kumi, funga mdomo kwa kitambaa. Chupa nyingine weka jani lililochovywa maji na sabuni tu. Siku ya tatu linganisha majani yameliwa kiasi gani. Jaribio hilohilo linafaa kwa mwarobaini, pareto, pilipili na kila dawa unayosimuliwa kijiweni, na mi nakushauri kila mtu anayekuja na mapishi mapya apitie kwenye hizo chupa mbili kwanza.

Utupa unakwenda kinyume na mwarobaini kwenye sabuni. Sumu zake haziyeyuki vizuri kwenye maji matupu kwa hiyo hapa sabuni inaingia tangu mwanzo, wakati wa kuloweka. Gramu 100 za unga wa majani yaliyokaushwa kivulini kwa lita moja, sabuni gramu moja hivi kwa lita, siku moja, chuja. Na tafadhali, huu ndo ule watu wanaovulia samaki. Usioshee bomba mtoni wala karibu na bwawa la mtu, vaa glavu na funika pua wakati wa kusaga, na usiupige kwenye kabichi unazokaribia kuvuna.

Dalili: majani yameungua

Madoa makavu ya kahawia kingoni siku moja au mbili baada ya kupiga. Ni sabuni ya unga, au sabuni nyingi, au mafuta yaliyopigwa jua likiwaka, au pilipili kali kupita kiasi. Sabuni za kufulia zina vitu vingi vya kung'arishia na magadi makali, jani la mche mchanga halihimili. Osha kwa maji safi jioni hiyohiyo, majani mapya yatatoka salama. Dawa mpya yoyote ianzie kwenye kabichi tano sita za kona, kesho yake ndo shamba.

Dalili: kabichi imeshafunga na kiwavi yuko ndani

Umechelewa, sitakupamba. Dawa za mimea sio za kupenya ndani ya jani kiasi cha kumfuata kiwavi katikati ya kichwa kilichofunga, na za kemikali zinazodai kupenya we unataka kuziweka kwenye chakula cha wiki ijayo? Bandua majani ya nje, toa viwavi kwa mkono, uza kilichobaki kwa bei inayopatikana. Kipindi cha kushinda vita ni kuanzia kitaluni mpaka pale majani ya katikati yanapoanza kukunjamana. Ukiona kiwavi kimoja kimoja wakati huo, anza, usisubiri wajae.

Dalili: nilikuwa napiga kemikali, nimehamia dawa za mimea na wadudu wameongezeka

Inatokea na ina sababu. Kemikali za kuua kila kitu ziliua na nyigu wadogo wanaotaga ndani ya viwavi, sasa umeondoa kemikali lakini hao askari bado hawajarudi. Wape muda na usiwaue kwa kutokuwajua: ukigeuza jani ukakuta kifuko cheupe cha hariri kimelala kando ya kiwavi kilichosinyaa, au ndani ya ule wavu wa DBM kuna kitu kigumu umbo la pipa chenye mkanda mweupeweupe katikati badala ya pupa wa kijani, hao ni nyigu wetu, waache. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Nairobi, kilileta aina moja ya nyigu hao kutoka Taiwan kikawaachia Taita Hills mwaka 2002, na wale wanapenda nyanda za baridi. Mwarobaini unawasumbua kidogo sana ukilinganisha na kemikali. Pareto na utupa vinawaumiza, ndo sababu nyingine ya kutovipiga kila wiki kwa mazoea.

Ukizidiwa kabisa katika kipindi hiki tumia BT iliyosajiliwa, ni bakteria anayeua viwavi wa nondo akishaliwa, haigusi nyigu, na inapishana vizuri na mwarobaini wiki hii na wiki ile. Tumbaku mi siishauri. Nikotini inaingia mwilini mpaka kupitia ngozi, mtu anapiga bila glavu jioni anatapika na kuona kizunguzungu anadhani ni malaria, tena inaweza kukuhamishia virusi kwenye nyanya na pilipili zako.

Dalili: kila msimu naanza na viwavi tangu siku ya kwanza

Angalia vitu vitatu tu. Kitalu, kama kiko jirani na kabichi kubwa unahamisha miche na mayai yake, kisogeze upande upepo unakotokea na ukifunike kwa neti yenye matundu madogo. Magugu ya jamii ya haradali na figili pembeni ya shamba, DBM anaishi humo ukiwa hujapanda. Na visiki, hili ndo wengi wanaliacha, mtu anakata kichwa anauza, kisiki kinachipua majani mabichi kinalisha DBM mwezi mzima huku yeye anaandaa kitalu kipya mita hamsini kutoka hapo. Wiki hiyohiyo unayomaliza kuuza ng'oa vyote, wape ng'ombe, vinavyobaki fukia chini kabisa.